Kabla ya Ndege, Tazama Kina cha Maji

Wageni ninaowatembeza kwenye vibustani vya ardhioevu vya mjini hufika na darubini zikiwa tayari machoni, wakitafuta ndege. Mimi huwaomba kwanza watazame maji. Wapi tope liko wazi? Wapi maji ni ya kufika kifundoni, na wapi yameingia weusi wa kina? Ukishalijua hilo, unaweza kukisia sehemu kubwa ya ndege utakaowaona asubuhi hiyo, tena ukiwa bado umekaa kwenye benchi.

Sababu ni miguu. Ndege anayekula huku akitembea majini kwa kawaida haendi mahali ambapo maji yanamfika tumboni. Kitwitwi, mwenye vijiguu vifupi, hana budi kubaki kwenye tope bichi na maji ya sentimita chache. Yangeyange huingia ndani zaidi, na korongo wa kijivu humpita yangeyange. Baada yao wanakuja bata wale wanaobinuka, kichwa chini na mkia juu: chakula chao kinaishia pale shingo inapoishia, yaani chini ya nusu mita hivi. Kutoka hapo kwenda ndani ni milki ya wazamiaji, kibisi na mnandi. Kama ukingo umelala taratibu, wote hao wanaenea katika ukanda mmoja mwembamba unaouona bila kugeuza shingo. Kama ukingo ni ukuta wa zege uliosimama wima, bwawa zima ni kina kimoja, nawe utaondoka umeona waogeleaji na wazamiaji tu. Kuta hizo zinapendwa kwa sababu zinaonekana nadhifu. Kwangu mimi ndizo kosa kubwa kuliko yote katika ujenzi wa mabwawa ya mjini, kubwa kuliko hata takataka.

Ukanda wa tope ndio unaostahili muda wako mwingi. Mwangalie kitwitwi: anakimbia, anasimama ghafla, anadonoa, anakimbia tena. Ana macho makubwa na anawinda kwa kuona, hivyo husimama ili akamate mtikisiko mdogo juu ya tope. Kando yake utamkuta jamaa yake mwenye mdomo mrefu mwembamba, anayedunga tope mfululizo kama cherehani. Huyo anapapasa. Ncha ya mdomo wake imejaa miisho ya neva inayohisi nyungunyungu aliyejificha chini. Mmoja anakula kilicho juu, mwingine kilichofukiwa, na ndiyo maana wanaweza kushiriki mita moja ya tope bila ugomvi. Mvua ya usiku ikipandisha maji sentimita 10, wote wawili wanahama, hata kama bwawa lenyewe kwa macho yako halijabadilika.

Yangeyange mdogo ana miguu myeusi na nyayo za manjano. Msubiri aanze kutikisa wayo mmoja ndani ya maji: anawashtua samaki na wadudu watoke mafichoni. Mnandi naye, akitoka kuzamia, husimama kwenye kisiki na kutandaza mbawa. Manyoya yake ya nje hulowa kuliko ya bata, hivyo hayabebi hewa nyingi, naye huzama kwa urahisi. Gharama yake ni kujianika baadaye. Kibisi ana tabia ya ajabu kuliko wote: hula manyoya yake mwenyewe, na huwalisha hata makinda yake. Maelezo yanayotolewa mara nyingi ni kwamba manyoya hayo hulikinga tumbo dhidi ya miiba ya samaki.

Mjini, fika mapema kabla magari hayajajaa barabarani. Utafiti uliofanywa Leiden, Uholanzi, na kuchapishwa mwaka 2003 ulionyesha kwamba ndege fulani wadogo wa huko, kwenye mitaa yenye kelele, huimba kwa sauti za juu zaidi, maana mngurumo wa magari huzimeza sauti za chini. Sikio lako nalo linamezewa sauti hizo hizo.

Kuhusu darubini, 8x42 inatosha kabisa: inakuza mara 8, na lenzi zake za mbele zina upana wa milimita 42. Ukigawa 42 kwa 8 unapata milimita 5.25, upana wa mwali wa nuru unaofika jichoni, na alfajiri mboni iliyotanuka inauhitaji upana huo. Zile za 10x hukuza pia mtetemo wa mkono, na kwenye bwawa dogo ndege hawako mbali kiasi hicho.

Andika saa uliyoanza, saa uliyomaliza na idadi ya kila aina, wakiwemo wale wa kawaida ambao wapenzi wa ndege adimu huwapuuza. Takwimu zinazokusanywa kwenye eBird, hifadhi ya mtandaoni ya kumbukumbu za watazamaji wa ndege iliyoanzishwa mwaka 2002, hupata nguvu kutokana na orodha kamili za namna hiyo. Mimi huongeza safu moja ya kimo cha maji, ninachokisoma kwenye nguzo au jiwe lile lile kila ninapokwenda. Safu hiyo ndiyo ninayowapelekea wasimamizi wa bustani msimu wa ndege wahamaji unapokaribia, nikiwaomba wafungue lango la maji kidogo tu, tope lipate kujitokeza upande wenye mteremko.