Droni za Ukraine hazikuruka kilomita 4,300

Ukigusia shambulio la Juni 1, 2025 dhidi ya ndege za kivita za Urusi, hukosi mtu wa kukwambia kwamba droni zilipaa kutoka Ukraine hadi Siberia na rada zote zikalala. Siyo kweli. Kambi ya ndege ya Belaya, mojawapo ya zilizoshambuliwa, mkoani Irkutsk huko Siberia, iko takriban kilomita 4,300 kutoka Ukraine, na zile zilikuwa droni ndogo za mapangaboi manne. Betri zake haziwezi safari hiyo, tena zikiwa na mabomu!

Zilikwenda kwa barabara, kama mizigo mingine. Idara ya usalama ya Ukraine, SBU, iliziingiza Urusi kimagendo, ikazificha chini ya mapaa ya vibanda vya mbao vilivyopakiwa kwenye malori. Malori yalipofika karibu na kambi, mapaa yakafunguliwa kwa rimoti, droni zikachomoka moja baada ya nyingine. Jumla zilikuwa 117, kwa hesabu ya Ukraine. Rada za masafa marefu zingeona nini?

Halafu wapo wasioamini kwamba kidude kile kinaweza kuangamiza Tu-95, ndege kubwa ya Urusi ya kudondosha mabomu. Tazameni video: droni inashuka taratibu juu ya bawa, palipo na tangi la mafuta. Moto unafanya kazi iliyobaki.

Ukraine ilidai kupiga ndege 41. Maofisa wa Marekani walikadiria kama 20, takriban 10 zikiteketea kabisa. Hata hizo 10 zinauma, maana Tu-95 hazitengenezwi tena.