Chura wa Kihansi: kusimulia habari ya matumaini bila kuifupisha

Kazi yangu ni kuchunguza vyura, na habari ninayoombwa kuisimulia mara nyingi kuliko nyingine zote ni ya chura wa Kihansi. Wengi huitaka kwa ufupi: alitoweka, akarudi. Mimi huona kwamba matumaini yake yamo hasa katika sehemu ambazo ufupisho huo huziruka.

Mwaka 1996, wakati bwawa la umeme likijengwa kwenye Mto Kihansi, katika milima ya Udzungwa nchini Tanzania, watafiti waliokuwa wakikagua bonde lililo chini ya maporomoko walimkuta chura mdogo wa rangi ya dhahabu, asiyezidi sentimita 3, ambaye sayansi ilikuwa haijawahi kumtambua. Makazi yake yote duniani yalikuwa kama hekta 2 za majani na mawe yaliyoloweshwa usiku na mchana na manyunyu ya maporomoko. Linalonistaajabisha hadi leo ni uzazi wake: hatagi mayai majini, wala hana viluwiluwi wanaoogelea, bali jike huzaa watoto waliokwisha kamilika, wenye miguu yote minne na urefu wa milimita 5 hivi. Ngozi ya tumbo lake ni angavu, hivyo ukimgeuza jike mwenye mimba aghalabu utawaona watoto wakiwa bado ndani.

Mitambo ya megawati 180 ilipoanza kazi, sehemu kubwa ya maji iligeuzwa njia na manyunyu yakakatika. Mwishoni mwa 2000 vyura 499 walipelekwa Marekani, na bondeni yakatandazwa mabomba ya kunyunyizia maji ili kuiga maporomoko. Mabomba yalisaidia, kufikia katikati ya 2003 vyura walikadiriwa kuwa 20,000. Kisha, katika muda mfupi mno, karibu wote wakafa. Kuvu ya kitridi, inayoshambulia ngozi ya vyura, ilipatikana kwenye mizoga, ingawa wapo wanaoshuku pia tope lililofunguliwa kutoka bwawani, na wataalamu hawajakubaliana. Mwaka 2009 IUCN, shirika la kimataifa la uhifadhi wa asili, ilitangaza kuwa ametoweka porini.

Huko Marekani nako mambo yalianza vibaya, kwa kuwa vyura walikufa kwa wingi hadi wakabaki chini ya mia moja. Watunzaji wa bustani za wanyama za Bronx na Toledo walilazimika kujifunza upya mwanga, unyevu na chakula cha kiumbe ambaye hakuna aliyewahi kumfuga, na kwangu mimi hapo ndipo penye kiini cha habari hii, katika kazi ya kila siku isiyo na shangwe. Walipozaliana vya kutosha, vyura 100 walirejeshwa mwaka 2010 katika Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, na mwaka 2012 wa kwanza wakaachiliwa bondeni.

Huulizwa, na ni swali la haki, kwa nini fedha zote hizo zitumike kwa chura ilhali vijiji vingi havina umeme. Hujibu kwamba umeme wa Kihansi umeendelea kuzalishwa. Kilichotakiwa ni kuachia sehemu ndogo ya maji na kuyatunza mabomba. Nikiulizwa kama amerudi kweli, hueleza kwamba anaachiliwa na kufuatiliwa, kwamba kuvu ile haikuondoka, na kwamba manyunyu anayoishi ndani yake bado yanatoka kwenye bomba ambalo lazima mtu alizibue linapoziba.