Je, wajua kwa nini sola ya plastiki huharibiwa na jua lenyewe?

Ukifua kanga mpya Unguja au Mombasa, hutaiacha juani mchana kutwa. Utaigeuza ndani nje au utaianika kivulini, maana jua la saa saba halina huruma na rangi. Rangi ile ni molekuli za kaboni zinazonasa mwanga, na mwanga huohuo, pamoja na hewa, huzivunja kidogo kidogo mpaka nyekundu ikawa waridi.

Sasa chukua molekuli za ukoo huohuo, uziambie zikae juu ya paa miaka 20 bila kivuli, tena zizalishe umeme. Hiyo ndiyo kazi wanayopewa wanaotengeneza sola za kikaboni, ambazo wengi huziita sola za plastiki.

Ukoo huo si maneno ya kupamba tu. Mwaka 1986 Ching W. Tang, mtafiti wa Kodak, kampuni iliyojulikana kwa filamu za picha, alitangaza seli, yaani kipande cha sola kinachozalisha umeme, ya tabaka mbili za kikaboni. Tabaka moja ilikuwa rangi ya buluu yenye shaba, ileile inayotiwa kwenye wino wa kuchapia na rangi za kupaka. Katika kila sehemu 100 za nguvu ya jua, seli ile ilitoa umeme wa sehemu 1 hivi. Ilikuwa kidogo, lakini njia ilionekana.

Kwa nini kidogo hivyo? Kwenye silikoni, malighafi ya sola za kawaida, mwanga ukipiga, elektroni hujitoa kwa urahisi na kwenda zake. Kwenye molekuli za kaboni haiachiwi: elektroni na tundu ililoliacha nyuma hubaki zimeshikana, na jozi hiyo husafiri takriban nanomita 10 tu kabla ya kufa. Lazima ndani ya hatua hizo chache ikutane na molekuli ya aina ya pili itakayoipokonya elektroni. Tabaka zima lina unene wa nanomita 100 hivi, kiasi cha unywele uliopasuliwa mara elfu moja, na hata hapo ni safari ndefu mno kwa jozi hiyo. Ndiyo maana miaka ya 1990 kundi la Alan Heeger huko California liliacha kupanga tabaka na kuzichanganya aina mbili pamoja, ili kila mahali jozi ikizaliwa iwe karibu na mpaka. Kwa miaka mingi mshirika wa pili alikuwa fulerini, kaboni yenye umbo la mpira. Ufanisi ulipanda, kisha ukagota kwenye 11% au 12%. Mwaka 2019 Zou Yingping na wenzake nchini China walitoa molekuli mpya, Y6, ikafika 15.7%. Leo maabara kadhaa zimevuka 19%.

Hapo ndipo tatizo linapoanzia, kwa sababu mchanganyiko ule ni kama tui. Aliyewahi kupika samaki wa nazi anajua: moto ukizidi na mwiko ukipumzika, tui hukatika, mafuta huku na maji kule. Sola ikipigwa na joto la paa, molekuli zake nazo hutembea, za aina moja zikatafutana, vibonge vikakua kupita zile nanomita 10. Hakuna kilichoungua wala kuvunjika, ila jozi haifikii tena mpaka. Baadhi ya watafiti huongeza kiungo cha tatu kinachozuia kutengana. Wengine huunganisha molekuli mbilimbili au kuzifanya mnyororo mrefu, ziwe nzito zisitembee ovyo.

Adui wengine ni oksijeni, unyevu na miale ya urujuanimno. Oksijeni na unyevu huzuiwa kwa kufunika vizuri, ingawa kifuniko kizuri ndicho kinachopandisha bei. Miale ni kisa kingine, na humo mna kichekesho ninachokipenda. Oksidi ya zinki hutumika sana ndani ya seli hizi kusafirisha elektroni. Ikipigwa na urujuanimno hugeuka mkorofi, ikavunja viungo dhaifu vya molekuli jirani. Lakini oksidi hiyohiyo ndiyo inayotiwa kwenye krimu za kujikinga na jua! Mwaka 2021 watafiti wa Chuo Kikuu cha Michigan waliipaka upande unaoelekea jua ili imeze miale hiyo, na ndani wakaweka utando mwembamba wa kuitenga zinki na molekuli. Baada ya kuzichoma seli kwa taa kali kuliko jua, walikadiria kwamba zingebaki na 80% ya ufanisi wake hata baada ya miaka 30.

Seli zile hazikuwa za rekodi ya ufanisi, na hilo ndilo la kutazama kila ukisoma habari za «sola mpya ya ajabu». Zilizovunja rekodi mara nyingi ni ndogo kuliko ukucha, zimepimwa zikiwa changa. Uliza zilidumu saa ngapi, na chini ya taa gani.

Si kwamba hazijatoka maabara. Addis Ababa, kwenye jengo la Umoja wa Afrika la amani na usalama lililopewa jina la Julius Nyerere, kuna tanga la kivuli lenye sola hizi, nyepesi na zinazopitisha mwanga kiasi. Paneli ya kawaida ya silikoni, yenye kioo na fremu, ingekuwa mzigo kwa tanga kama hilo.