Kueleza Jibu la Swali la Kiingereza: Dhana Potofu na Ukweli Wake

Dhana iliyoenea kuliko zote kuhusu maswali ya sarufi na msamiati wa Kiingereza ni kwamba kutaja kanuni ni sawa na kueleza jibu. Mwanafunzi anauliza kwa nini jibu ni C, mwalimu anamjibu kuwa sentensi ina neno "since" na kwa hiyo kitenzi kiwe katika hali timilifu, kisha darasa zima linahamia swali linalofuata. Ukweli ni kwamba hapo jibu limetambuliwa tu, halijaelezwa.

Tuchukue sentensi "She ___ in Dodoma since 2015", yenye machaguo "lives", "is living", "has lived" na "lived". Mwanafunzi aliyekulia katika Kiswahili akichagua "is living", hakubahatisha. Wengi wetu husema "anaishi Dodoma tangu mwaka 2015", kwa wakati uliopo, na sentensi hiyo haina kasoro. Maelezo yatakayomfaa ni yale yanayoanzia hapo alipo: kwamba Kiingereza, kinapotaja mwanzo wa jambo linaloendelea hadi sasa, hutaka kitenzi chenyewe kionyeshe muda wote tangu mwanzo huo, ndiyo maana husema "has lived" au "has been living", kwamba "lived" hulifunga jambo katika wakati uliokwisha pita, ilhali Dodoma bado anaishi, na kwamba "lives" na "is living" hutaja hali ya sasa bila kuiunganisha na mwaka ilipoanza. Zaidi ya hayo, kanuni ya kukariri kwamba "since" huleta hali timilifu huvunjika mara mwanafunzi anapokutana na "Since she lives in Dodoma, she knows the city well", ambapo neno hilohilo lina maana ya "kwa kuwa" na kitenzi kimebaki katika wakati uliopo bila kosa lolote.

Dhana inayoambatana na hiyo ni kwamba machaguo yasiyo sahihi hayastahili kupotezewa muda. Ukweli ni kinyume chake. Mtunzi makini wa maswali huyatunga kutokana na makosa ambayo wanafunzi huyafanya kweli, na ndiyo sababu wataalamu wa upimaji huyaita vipotoshi. Baraza la Mitihani la Tanzania, katika vitabu vyake vya uchambuzi wa majibu ya watahiniwa, haliishii kutaja jibu sahihi, bali hueleza pia kilichowavuta watahiniwa kwenye machaguo mengine na kwa nini machaguo hayo hayakufaa. Ningependa kila mwalimu wa Kiingereza avisome vitabu hivyo kwa makini zaidi kuliko anavyoisoma orodha ya majibu, kwa sababu mwanafunzi aliyekosa hahitaji kuambiwa tena jibu ni lipi. Anahitaji kujua fikra yake iliteleza wapi.

Katika msamiati, wengi huamini kwamba mwanafunzi akipewa maana ya Kiswahili ya kila neno, swali limekwisha. Tafsiri ina kazi yake, nami siungi mkono wanaotaka Kiswahili kifukuzwe katika darasa la Kiingereza, kwa kuwa anayeelezwa kwa lugha anayoifikiria huelewa haraka. Hata hivyo, maana peke yake haiwezi kila mara kutenganisha maneno yanayogombea nafasi moja. Maneno "borrow" na "lend" yote huweza kufasiriwa kwa kitenzi "kuazima", ambacho kwetu hutumika kwa anayetoa na kwa anayepokea pia. Kwa hiyo swali "Can you ___ me your dictionary?" halimalizwi kwa kamusi, bali kwa kutazama umbo la sentensi: "lend" huweza kufuatwa moja kwa moja na mtu anayepewa kisha kitu chenyewe, wakati "borrow" hufuatwa na kitu, na mwenye kitu hicho hutajwa baada ya "from". Mwanafunzi akishaliona hilo, ataweza pia kujibu "Can I ___ your dictionary?" bila msaada.

Kuna pia maneno ambayo hayatenganishwi na maana wala umbo, ila na mazoea ya lugha. Mwingereza husema "heavy rain", hasemi "big rain", ingawa sisi husema mvua kubwa; husema "make a mistake", hasemi "do a mistake", ingawa sisi hufanya kosa kama tunavyofanya kazi. Mwalimu anayebuni sababu ya kimantiki kwa mambo kama haya anampotosha mwanafunzi. Aseme waziwazi kwamba maneno hayo huenda pamoja, na kwamba yanapaswa kujifunzwa yakiwa pamoja.

Eneo ambalo maelezo hukosewa sana, na ambalo kwa maoni yangu linastahili muda mwingi kuliko linavyopewa, ni ukanushi. Wengi hudhani "yes" ni "ndiyo" na "no" ni "hapana", na kwamba hapo hakuna cha kufundisha. Ukiulizwa kwa Kiswahili "Hujala?", nawe kweli hujala, unaweza kujibu "Ndiyo, sijala", kwa kuwa unakubaliana na aliyeuliza. Kwa Kiingereza, swali "Haven't you eaten?" hujibiwa "No, I haven't", kwa kuwa "no" hapo hufuata ukweli wa jambo lenyewe, haifuati kauli ya muulizaji. Mwanafunzi aliyechagua "Yes, I haven't" amefuata mantiki ya lugha yake kwa uaminifu kabisa, na kumwambia tu kwamba amekosea bila kumwonyesha tofauti hiyo ni kumwacha arudie kosa lilelile katika mtihani ujao.

Hali ni hiyohiyo katika maswali mafupi ya mwishoni mwa sentensi. Kanuni inayofundishwa ni kwamba sentensi ya kukubali hufuatwa na swali la kukanusha, na ya kukanusha hufuatwa na la kukubali. Kanuni hiyo ni ya kweli, lakini mwanafunzi akikutana na "He hardly ever comes late, ___?" hutafuta "not" katika sentensi, akaikosa, akachagua "doesn't he". Maelezo lazima yamwambie kwamba "hardly", "rarely", "seldom" na "never" hubeba ukanushi ndani yake, na kwa hiyo jibu ni "does he".

Dhana nyingine hutokana na kulitegemea neno moja kama ishara. Si kweli kwamba "any" hutumika katika ukanushi na maswali peke yake, kwani "Any pupil can answer this" ni sentensi sahihi yenye maana ya "yeyote". Si kweli kwamba kitenzi cha wakati uliopita hueleza yaliyopita tu. Katika "It is time we went home" safari bado haijaanza. Na si kweli kwamba kila neno linaloishia na "-ly" ni kielezi, maana "friendly" ni kivumishi.

Wapo wanaoamini kwamba lililo katika orodha ya majibu ndilo Kiingereza pekee, na lisilokuwamo ni kosa. Ukweli unahitaji uangalifu zaidi. Mmarekani huweza kusema "I already ate" pale ambapo Mwingereza angesema "I have already eaten", na mitihani ya shule zetu za Afrika Mashariki hufuata desturi ya Uingereza. Katika "Neither of the boys ___ here", maandishi rasmi hutaka "is", ingawa wazungumzaji wengi wa lugha hiyo husema "are". Marufuku ya kumaliza sentensi kwa kihusishi, yaani neno kama "to", "with" au "from", nayo haikuwahi kuwa kanuni ya sarufi. Hata Robert Lowth, ambaye kitabu chake cha sarufi cha mwaka 1762 mara nyingi hulaumiwa kwa marufuku hiyo, alikiri kwamba kumaliza sentensi hivyo ni mtindo wa kawaida wa mazungumzo. Mwalimu anapoeleza jibu, atenganishe kosa la sarufi, tofauti ya nchi na nchi, na upendeleo wa maandishi rasmi.

Mwishowe, baadhi ya walimu hudhani kwamba maelezo mazuri ni maelezo marefu. Mara nyingi sentensi mbili au tatu hutosha, mradi zifuatwe na mfano mpya unaobadilisha jibu. Baada ya kueleza kwamba "I used to wake up early" ni desturi ya zamani, mpe mwanafunzi "I am used to ___ up early" na umwache achague kati ya "wake" na "waking". Akichagua "waking" na kusema kwamba "to" hapa ni kihusishi, kama ilivyo katika "I look forward to seeing you", ameelewa. Akichagua "wake" kwa sababu ameiona "to", basi kilichobaki kichwani mwake ni ishara, na maelezo yaanze upya kutokea hapo.