Fangasi wa ziwani: kimelea au kiozeshaji?

"Fangasi wa majini ni vimelea, wanakula mwani uliokufa." Sentensi hii imezoeleka mno, na nusu yake ya pili inaipinga ya kwanza. Kimelea hujilisha kwa kiumbe kilicho hai na kumdhuru. Kiozeshaji hula mabaki. Kwenye planktoni, yaani viumbe wadogo wanaoelea majini, wakiwemo mwani wa chembe moja, ukichanganya hao wawili unapoteza njia nzima ya chakula.

Waangalie fangasi wa kundi la kitridi. Spora yao, yaani chembe ya kuzaliana, ina upana wa mikromita 2 au 3 hivi, na mkia mmoja wa kuogelea. Ikimpata mwani aliye hai hunata juu ya ganda, hupenyeza uzi mwembamba ndani na kuanza kunyonya. Kwa nje kifuko kinavimba, na kinapofunguka spora mpya zinatawanyika kutafuta mwani mwingine. Mwani amekufa kwa sababu ya fangasi. Hakuna aliyekuwa akisubiri mzoga.

Jambo hili si geni. Mwaka 1948 watafiti Hilda Canter na John Lund walichapisha uchunguzi wao wa maziwa ya kaskazini mwa Uingereza, Windermere likiwemo, wakihusisha kupanda na kushuka kwa mwani Asterionella formosa na milipuko ya fangasi. Kumbe mwani unapopungua, si lazima uwe umeishiwa silika, madini ya kujengea ganda. Pengine unaumwa.

Asterionella hukaa katika makoloni, yaani makundi ya chembe zilizoshikana, yenye umbo la nyota, makubwa mno kuliwa na dafnia, yule mnyama mdogo wa jamii ya kamba anayechuja maji ili ale. Nyota isiyoliwa huzama, na chakula chake huenda nayo chini. Fangasi akiinyonya, sehemu ya chakula hicho hutoka ikiwa spora, ndogo za kutosha kuchujwa, zenye mafuta na kolesteroli, kitu ambacho dafnia hawezi kujitengenezea mwilini. Mwaka 2007 mtafiti Maiko Kagami na wenzake walionyesha kwa majaribio kwamba dafnia waliowekwa pamoja na Asterionella wenye kitridi walikua vizuri kuliko waliopewa mwani huo bila fangasi.

Dafnia mwenyewe hasalimiki. Chachu ya Metschnikowia, nayo ni fangasi kimelea, ina spora kama sindano. Akizimeza, zinatoboa utumbo wake na mwili wake angavu unageuka mweupe.

Fangasi wanaoozesha wapo pia ziwani, na hao waitwe viozeshaji. Ila ukichora mtandao wa chakula, kitridi usimweke chini pamoja nao. Mshale utoke kwa mwani hai kwenda kwake, na mwingine utoke kwenye spora zake kwenda kwa dafnia, ambaye samaki wanamla.