Mikunjo ya Kiwandani na Daraja la Bango

Wiki hii nimeletewa tena bango la filamu la Marekani la miaka ya 1950 lililopigwa pasi na mwenyewe ili "kuondoa kasoro" kabla ya kuliuza. Wino umepata mng'ao usio wake kila mahali pasi ilipopita, karatasi imekauka, na mikunjo aliyotaka kuifuta bado ipo.

Hadi mwanzoni mwa miaka ya 1980, mengi ya mabango hayo ya inchi 27 kwa 41 yalikunjwa kabla ya kutumwa kwenye majumba ya sinema. Yalikuwa na mikunjo mitatu ya mlalo na mmoja wa wima, hivyo bango likagawanyika sehemu nane. Mkunjo huo ni wa asili, yaani wa kiwandani, na peke yake haulishushi bango daraja, yaani kipimo cha ubora wa hali yake. Kinacholishusha ni uchakavu uliojitokeza juu ya mkunjo, na hapa ndipo wauzaji wengi wanapochanganya mambo mawili. Mimi huanza na yale makutano matatu ambapo mkunjo wa wima unakata ile ya mlalo, kwa kuwa hapo karatasi imebeba mzigo mara mbili. Weka taa nyuma ya bango katika chumba chenye giza: mwanga ukipenya kama ncha ya sindano, karatasi imekatika; usipopenya, lakini weupe ukaonekana mwembamba kama uzi, ni wino tu uliobanduka, na hilo ni jambo dogo zaidi.

Tundu za pini, selotepu na kingo zilizopunguzwa kwa mkasi ziandikwe zote bila kuficha. Rangi iliyofifia ichunguzwe mchana, kwa sababu picha ya simu huidanganya.

Linalonisumbua hadi leo ni bango lililobandikwa juu ya kitambaa, mikunjo ikajazwa na kupakwa rangi upya. Kwa macho linastahili daraja la juu, ilhali sehemu ya ninachokitazama ni kazi ya mkarabati, na nimewahi kutoa madaraja mawili tofauti kwa bango moja katika miezi miwili. Siku hizi naandika hali ya sasa na hali ya kabla ya ukarabati, kila moja mahali pake. Mwenye bango asipokuwa na picha za awali, naandika "limekarabatiwa" na daraja silitoi.