Vyanzo vya Msingi vya Historia Nje ya Magharibi: Dhana Potofu na Ukweli

Dhana: Historia ya Asia na Afrika katika karne ya 19 iliandikwa na wageni, kwa hiyo msomaji hana budi kutegemea ripoti za magavana, wamisionari na wapelelezi wa Kizungu.

Ukweli: Dhana hii hudumu kwa sababu vitabu vya shule huanza na ripoti hizo, wala si kwa kukosekana kwa vyanzo vya msingi (yaani ushahidi wa walioshiriki au kushuhudia mambo) vya wenyeji wenyewe. Mwaka 1839 Lin Zexu, ofisa aliyetumwa Guangzhou kukomesha biashara ya kasumba, alimwandikia Malkia Victoria akimhoji kwa nini Waingereza wawauzie Wachina sumu. Mwaka 1890 Machemba, kiongozi wa Wayao, alimjibu Hermann von Wissmann, kamanda wa Wajerumani katika Afrika Mashariki, kwa barua ya Kiswahili, akisema yuko tayari kwa urafiki lakini hatakuwa raia wake. Tippu Tip naye aliandika maisha yake mwenyewe kwa Kiswahili, na anayetaka kuijua biashara ya pembe za ndovu na watumwa kwa macho ya mfanyabiashara mwenyewe, pamoja na majivuno yake yote, hana pa kuanzia palipo bora zaidi.

Dhana: Chanzo cha msingi, kwa kuwa kiliandikwa na mhusika, hujieleza chenyewe.

Ukweli: Hapa ndipo wanafunzi wengi hupotea, na mfano mzuri ni barua ya Kaisari Qianlong wa China kwa Mfalme George III wa Uingereza ya mwaka 1793. Macartney, balozi wa Uingereza, alikuwa ameomba, miongoni mwa mambo mengine, bandari zaidi za biashara, kisiwa kidogo karibu na Zhoushan na ruhusa ya kuweka mwakilishi Beijing. Kaisari akakataa yote, akiongeza kwamba China haikuhitaji bidhaa za Uingereza. Kwa miaka mingi barua hiyo imesomeshwa kama ushahidi wa taifa lenye kiburi lililojifungia mlango. Lakini nyaraka nyingine za utawala wake wa wakati huohuo zinaonyesha Kaisari akiwaamuru maofisa wa pwani waimarishe ulinzi, kwa hofu kwamba Waingereza, baada ya kunyimwa, wangeleta vurugu. Aliyeandika kwa sauti ya dharau alikuwa pia anahesabu askari wake. Umaarufu wa barua yenyewe ni wa karne ya 20, kwani ilienea kwa Kiingereza katika tafsiri ya waandishi Waingereza Backhouse na Bland ya mwaka 1914, yaani baada ya China kushindwa vitani mara kadhaa na wasomaji kuanza kutafuta chanzo cha kushindwa huko. Barua si ya uongo; kilichopotosha ni kuisoma peke yake.

Dhana: Masimulizi ya wazee si chanzo cha msingi, kwa sababu hayana tarehe na hubadilika.

Ukweli: Maandishi nayo hubadilishwa, tena kwa makusudi. Kuanzia mwaka 1968 Chuo Kikuu cha Dar es Salaam kiliwatuma wanafunzi vijijini kusini mwa Tanzania kukusanya kumbukumbu za Vita vya Maji Maji dhidi ya utawala wa Wajerumani, vya 1905 hadi 1907, wakapata habari za mashamba ya pamba ya kulazimishwa, za dawa ya mganga Kinjikitile wa Ngarambe, iliyoaminika kuwakinga wapiganaji dhidi ya risasi, na za njaa iliyofuata, jinsi zilivyokumbukwa na waliopatwa nazo au na watoto wao. Hata hivyo wazee hao walikuwa wakizungumza miaka michache baada ya Uhuru, wakati Maji Maji ilikwisha kutajwa majukwaani kama mwanzo wa mapambano ya taifa, na si ajabu kwamba baadhi ya majibu yalielekea huko. Ndiyo maana mtafiti makini huyasoma masimulizi hayo mara mbili, kwanza kama ushahidi wa mwaka 1905, kisha kama ushahidi wa mwaka 1968, na huyaweka kando ya ripoti za Wajerumani pale ambapo pande zote mbili zinazungumzia kijiji kilekile.